Koili ya Umeme Mkubwa: Jinsi Tulivyoijenga na Kuijaribu Songea

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati ilinitaka nizungumze juu ya sayansi na maendeleo. Hotuba zenye jina hilo nimezisikiliza nyingi, na nyingine nimeziandika mwenyewe kwa ajili ya wakubwa wangu kazini. Kwa hiyo niliomba ruhusa nizungumzie kitu kimoja tu, nacho ni hiki mnachokiona mezani.

Hili ni bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, lililozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Juu yake zimekaa sufuria mbili za aluminiamu zilizofunikizana mdomo kwa mdomo. Chini kuna bomba la shaba la majokofu lililoviringishwa kama mkia wa kinyonga. Pembeni mnaona beseni lenye chupa 14 za soda zilizojaa maji ya chumvi. Mtu asiyeambiwa atadhani vyombo vya mama lishe vimechanganyika na vya fundi bomba. Lakini chombo hiki kikiwashwa hurusha hewani cheche za urefu wa sentimita 30, na taa ya tyubu iliyosimamishwa mbali nacho kwenye kigingi cha mti huwaka bila waya wowote. Sasa hivi kimezimwa, na nyaya za chupa zimefungwa pamoja ili isibaki chaji ndani yake. Hata hivyo, naomba asikiguse mtu.

Chombo hiki huitwa koili ya Tesla, kwa jina la Nikola Tesla, aliyezaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Kroatia, akahamia Marekani mwaka 1884. Koili yake ya kwanza ya namna hii aliitengeneza mwaka 1891. Sisi tumeijenga ya kwetu hapa Songea, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa muda wa miezi 5, mimi pamoja na wanafunzi wa klabu ya sayansi na mwalimu wao wa fizikia. Nitaeleza inavyofanya kazi, tulivyoijenga, tulivyoijaribu, na hatari zake. Mwisho nina ombi kwenu.

Inavyofanya kazi

Transfoma ya kawaida tunaifahamu. Ukiwa na mizunguko 100 upande mmoja na 1,000 upande wa pili, volti huongezeka mara 10. Koili hii haifuati hesabu hiyo, na hapo ndipo ilipo faida ya kuisoma.

Fikirini bembea. Mtoto mdogo anaweza kumbembeza mtu mzima hadi juu kabisa, mradi asukume kila mara kwa wakati wake. Kila msukumo ni mdogo, lakini misukumo inajumlishwa. Akisukuma ovyo, hata awe na nguvu za fahali, mara atamwongeza mwenzake mwendo na mara atamzuia. Kila bembea ina hesabu yake ya kwenda na kurudi, na mwenye kuifuata hesabu hiyo ndiye anayefanikiwa.

Umeme nao una bembea yake. Ukiunganisha koili na kapasita, chaji hukimbia huku na huko kati ya viwili hivyo, mara nyingi sana kwa sekunde, na idadi hiyo hutegemea ukubwa wa koili na ukubwa wa kapasita. Ukiwa na bembea mbili za namna hii karibu karibu, na hesabu zao zikawa sawa, nishati ya moja humiminikia nyingine. Wataalamu huita jambo hilo rezonansi. Kwa Kiswahili chepesi nitaliita mapatano. Hesabu zisipopatana, hata uongeze umeme kiasi gani, utapata kelele na joto tu.

Hayo si mambo ya maabara pekee. Ukizungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni, unabadilisha hesabu ya bembea iliyo ndani ya redio mpaka ipatane na ya kituo unachokitaka. Simu inayochajiwa kwa kulazwa tu juu ya kibao hutumia mapatano hayo hayo.

Tena si mageni katika nchi yetu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga vituo vya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Mitambo ya siku hizo ilikuwa ya cheche: kapasita ikijaa, cheche inaruka, koili mbili zinapatana, na mawimbi yanakwenda mbali. Kwa asili yake ni ndugu wa chombo hiki kilicho mezani. Manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilipoupiga mji wa Dar es Salaam mizinga tarehe 8 Agosti 1914, kituo hicho cha simu ya upepo ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Yaani vita katika pwani yetu ilianza kwa kugombania mnara wa koili na cheche.

Ujenzi

Waya tuliupata kwa fundi anayezungushia mota upya, mjini hapa. Ni waya wa shaba wenye vanishi, unene wake milimita 0.4. Tulizungusha mizunguko 1,000, mmoja ukigusana na wenzake bila kupandana, ikajaza sentimita 45 za bomba. Wanafunzi walihesabu kwamba utahitajika waya wa karibu mita 346, wenye uzito wa kama gramu 390. Tulipoupima kwenye mzani wa duka hesabu ilikuwa karibu kabisa na kweli. Kazi ya kuzungusha ilichukua Jumamosi mbili. Mmoja anazungusha bomba, mmoja anaongoza waya, mmoja anahesabu kwa sauti na kutia alama kila baada ya mizunguko 50. Kisha tukapaka vanishi mara tatu.

Koili hiyo, kwa hesabu, ina indaktansi ya kama milihenri 24. Pamoja na sufuria za juu, uwezo wake wa kushika chaji ni kama pikofaradi 20, kiasi kidogo sana. Viwili hivyo vinatoa hesabu ya bembea ya karibu mara 230,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 230.

Kapasita ya upande wa chini ndiyo zile chupa. Kioo cha chupa ni kizio, maji ya chumvi yaliyo ndani ni bamba moja, na maji ya chumvi ya beseni ni bamba la pili. Juu ya maji tulimimina mafuta ya kula kidogo ili cheche zisirukie mdomoni mwa chupa. Kila chupa ilipimwa kwa mita, tukapata wastani wa nanofaradi 0.7. Chupa 14 ni nanofaradi 9.8.

Umeme wa kuzijaza unatoka kwenye transfoma ya taa za neoni za matangazo, ya zamani, yenye kiini cha chuma, niliyoinunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha tumika. Inatoa volti 9,000 na miliampea 30. Chupa hazikuchaguliwa kuwa 14 kwa bahati: kapasita inayolingana na transfoma hiyo kwa umeme wetu wa hezi 50 ni kama nanofaradi 10. Mapatano ya kwanza ni hayo, kabla hata ya koili.

Bomba la shaba la majokofu huuzwa kwa rola la mita 15. Rola moja lilitutosha mizunguko 13 ya bapa. Kati ya chupa na bomba hilo kuna pengo la cheche la milimita 4, lenye feni ya kulipoza. Chupa zikijaa, cheche inaruka pengoni, na bembea ya chini inaanza. Hilo hutokea kama mara 100 kila sekunde.

Majaribio

Kabla ya kuwasha chochote, wanafunzi walitakiwa waandike kwenye karatasi ni mzunguko upi wa bomba la shaba utakaotoa mapatano. Waya wa kuunganishia una kibanio kinachoweza kuhamishwa kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, na mahali pa kukibana ndipo pa kurekebisha hesabu. Jibu lao lilikuwa kati ya mzunguko wa 11 na wa 12. Karatasi ikatiwa saini na mwalimu na kubandikwa ukutani.

Tukaanza makusudi kwenye mzunguko wa 8. Pengo lilipiga kelele kama mahindi yanayokaangwa, lakini juu ya sufuria palikuwa kimya. Wa 9, vilevile. Kwenye wa 10, tyubu iliyosimamishwa umbali wa mita 1 ilianza kutoa mwanga hafifu. Kwenye wa 11, ukingo wa sufuria ulitoa manyoya ya rangi ya zambarau, na harufu ya ozoni ikatanda. Kwenye 11 na nusu, cheche nyeupe ya sentimita 30 ilirukia fimbo ya chuma iliyounganishwa ardhini. Kwenye wa 12 ikapungua tena.

Ndugu zangu, nataka mlitie maanani jambo hili. Kutoka mzunguko wa 8 hadi 11 na nusu hatukuongeza hata volti moja. Transfoma ni ile ile, chupa ni zile zile. Kilichobadilika ni hesabu tu. Na kijana aliyeandika jibu kwenye karatasi alilijua kabla swichi haijabonyezwa. Hakubahatisha. Alipima bomba kwa rula, akapima chupa kwa mita, akafuata kanuni. Furaha niliyoiona usoni mwake haikuwa ya kuona cheche. Ilikuwa ya kuona kwamba hesabu za daftari zinasema kweli.

Wako watakaouliza ni volti ngapi. Mtu akilinganisha mizunguko 1,000 na 11 na nusu atasema volti milioni 1 na zaidi, na wapo wanaojisifu hivyo. Lakini nishati haiongezeki njiani. Kila cheche ya pengo hubeba karibu jouli 0.8 kutoka kwenye chupa. Hata kama nishati hiyo yote ingefika juu bila kupotea, volti zisingevuka takriban 280,000. Na nyingi hupotea kwa joto, mwanga na kelele, kwa hiyo ukweli uko chini ya hapo. Mtu mkweli hujua pa kuishia katika majigambo yake.

Hatari

Mkuu wa Shule aliniuliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: kwa nini kuleta shuleni kitu kinachoweza kuua? Nilimjibu kwanza kwamba ni kweli, kinaweza kuua. Nalirudia hilo mbele yenu.

Watu huogopa cheche za juu. Cheche hizo zinaunguza, na zinaunguza kwa ndani bila mtu kusikia maumivu mapema, kwa sababu mishipa ya fahamu haihisi mitetemo ya kasi hiyo. Lakini muuaji mwenyewe yuko chini: ni ile transfoma, na zile chupa. Miliampea 30 za umeme wa hezi 50 zikipita kifuani zinaweza kusimamisha moyo. Chupa nazo huweza kubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa. Na iko transfoma nyingine ambayo vijana huisikia na kuitamani, ile ya oveni ya maikrowevu. Hiyo inatoa mkondo mkubwa zaidi mara nyingi, na aliyeigusa kwa kawaida hapati nafasi ya kusimulia. Kwetu imepigwa marufuku.

Kwa hiyo tuliweka masharti, yakaandikwa na kusainiwa. Swichi kuu ina ufunguo, na ufunguo unakaa mfukoni mwa mwalimu. Hakuna mwanafunzi anayegusa transfoma wala chupa zikiwa zimeunganishwa. Kabla ya kuhamisha kibanio, umeme unazimwa, plagi inachomolewa, na chupa zinaguswa kwa fimbo kavu ya mti yenye waya wa ardhini. Mtu hafanyi kazi peke yake. Koili ina nondo yake ya ardhini, mbali na waya wa ardhi wa jengo. Tumeizungushia wavu wa kuku uliounganishwa ardhini, na watazamaji wanakaa nje ya wavu. Mwenye kifaa cha moyo mwilini haingii kabisa. Na haiwashwi zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, kwa sababu mitambo ya cheche huvuruga redio za majirani. Ndiyo maana baadaye mitambo ya namna hiyo ilikatazwa katika mawasiliano kwa makubaliano ya mataifa.

Jambo la mwisho tulilokubaliana ndilo ninaloliona kubwa. Koili hii ni ya kuonyeshwa. Ya kujengwa na wanafunzi wenyewe ni ndogo: transista moja yenye kipande cha bati cha kuipoza, rezista ya kiloomu 22, betri ya volti 12, na waya uleule umezungushwa kwenye bomba jembamba. Inatosha kuwasha tyubu ndogo ikisogezwa karibu. Mapatano ni yale yale, hesabu ni zile zile. Kijana ajifunze kwanza pale ambapo kukosea kunaharibu transista.

Umeme wa bure haupo

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama koili hii inaweza kupeleka umeme vijijini bila nguzo. Swali zuri, na Tesla mwenyewe aliliota. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mkubwa Wardenclyffe, karibu na New York. Fedha zilimwishia kazi ikiwa njiani, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Siku hizi wapo wanaowaambia vijana kwamba alikuwa amegundua umeme wa bure ukafichwa. Msiwasadiki. Koili yetu hula wati kama 270 ukutani na kurudisha pungufu ya hapo. Tyubu inayowaka ikiwa karibu huzima ukiisogeza mbali kidogo, kwa sababu nguvu hiyo hupungua haraka kadiri unavyotoka.

Sisi wa Songea tunajua umeme ulivyofika kwetu. Nilipokuwa nasoma hapa, mwishoni mwa miaka ya 1990, mji ulitegemea mitambo ya dizeli, na taa ya chemli ilikuwa rafiki wa kila mwanafunzi. Mwaka 2015 masista Wabenedikto wa Chipole walikamilisha kituo cha maji cha Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5. Mwaka 2018 tukaunganishwa na gridi ya Taifa kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kama kilomita 250, yenye vituo vya kupozea umeme Madaba na Songea. Kwa nini kilovolti 220? Kwa sababu ukiongeza volti mara 10, mkondo unapungua mara 10, na umeme unaopotea kwenye nyaya unapungua mara 100. Hiyo nayo ni hesabu ya Kidato cha Nne. Mtu aliyeichukulia umeme mkubwa kuwa muujiza hawezi kuutunza. Aliyeupima anaweza, na vituo hivyo vitahitaji watunzaji kwa miaka mingi ijayo.

Ombi

Ndugu Mwenyekiti, kila tunapokutana huwa tunachangia. Tumewahi kuchangia rangi, viti na vikombe vya michezo, na yote ni mema. Mwaka huu naomba tuchangie kabati moja la vipimo: mita 10 za umeme, oskiloskopu moja hata kama ni ya mitumba, rola chache za waya, na transista za kutosha kuungua. Koili hii siihesabu katika mchango, nimekwisha iacha shuleni pamoja na ufunguo wake.

Pili, naomba kila mwenye ufundi miongoni mwetu, awe wa umeme, wa redio, wa majokofu au wa mota, atoe Jumamosi moja kwa muhula. Waya wa koili hii tulifundishwa kuuzungusha na fundi ambaye hakusoma sekondari, na wanafunzi walimwita mwalimu, naye alistahili.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Mtakutana na mambo mengi yasiyokwenda, na watu watawaambia muongeze nguvu. Kabla ya kuongeza nguvu, chukueni rula, chukueni mita, andikeni jibu lenu kwenye karatasi, kisha mjaribu.

Saa 10 jioni, baada ya chakula, mwalimu wa fizikia atafungua karakana. Watakaopenda kuiona ikiwaka wapange mstari nje ya wavu, na simu wazizime.